Shangazi Makopo afungua tena gunia la vya bure

Jua halijafika hata kwenye kizingiti, na Shangazi Makopo ameshaufagia ua kwa mara ya pili. Si kwamba uchafu umerudi. Mikono yake tu inatafuta kazi ya kufanya.

Mbele ya mlango ameweka stuli, na juu ya stuli ungo mpana. Pembeni kuna gunia tupu, limekunjwa vizuri kama shuka la mgeni. Kila mara geti la mabati linapolia, mwanamke huyu anashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni.

"Hebu tazama," anasema, akinyoosha kidole kuelekea getini. "Nimelea watoto tangu sijaolewa. Wameniuma mikononi, wameniharishia mapajani, sijawahi kumwogopa mtoto. Leo nawaogopa hawa wa miaka mitano. Naogopa watakachoshika mkononi kuniletea."

Leo gunia linafunguliwa tena. Lilifungwa siku ambayo mtoto mmoja alitolewa kwenye chumba hiki akiwa amelegea kama kitambaa, na tangu siku hiyo hapajaingia hapa hata kifuniko cha soda.

Mtoto huyo hajarudi. Wamemzoea kwa jina la Kipua, na bibi yake anauza nafaka sokoni. Jana Shangazi alikwenda sokoni kumwambia bibi huyo kwamba gunia litafunguliwa. Bibi aliendelea kupima maharage, akafunga mfuko, akamhudumia mteja mwingine.

"Sikujua nishike lipi," anasema Shangazi. "Hajasema atamleta, hajasema hamleti. Labda atakuja na wazazi wote wanifungie kituo. Nitawalaumu? Siwezi. Mimi ningekuwa wao ningekuja na kufuli."

Shangazi Makopo si shangazi wa mtu hapa, na kama ana jina la kuzaliwa, majirani wengi wameshalisahau. Anaendesha kituo cha kulelea watoto wa mama na baba wanaowahi vibaruani. Ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha mawili, pazia linalotenga kona ya mikeka, na ua mdogo uliopakana na karakana ya fundi seremala. Anachopata kinaishia kwenye kodi ya chumba na chakula cha watoto. Kikibaki kitu, mwenyewe anasema, basi kimekosea njia.

Rangi za kuchorea, udongo wa kufinyangia, mikasi midogo ya kitoto, vyote hivyo alikuwa anaviona madukani tu na kupita. Basi akabuni utaratibu wake. Kila mtoto, mwanzo wa wiki, alete kitu kimoja cha bure. Si cha kununua, si cha kuomba hela. Kitu kilichotupwa, kilichodondoka, kilichobaki.

Na watoto walileta, jamani! Visoda, magunzi, mirija, trei za mayai, manyoya ya kuku, vifungo visivyo na mwenzake, kokoto zenye michirizi, mbegu za matunda. Seremala wa jirani alijaza mfuko wa maranda, yale mapindo membamba yanayotoka kwenye randa, na yakawa nywele za wanasesere. Mama mmoja fundi cherehani alitoa vitambaa vya ukingo. Gundi ilipikwa kwa unga na maji.

"Gazeti lenu pia nalitumia," anamwambia mwandishi wa makala haya, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Usinikasirikie, kusoma sisomi sana. Ila linakunywa gundi vizuri kuliko lolote."

Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa makopo. Kopo lilikuwa ngoma, lilikuwa gari, lilikuwa nyumba ya mchwa, lilikuwa simu ya kamba. Ndipo jina likamkaa. Kwa kuwa alijua makopo yana makali na mabaki, Shangazi aliyawekea masharti, na masharti hayo aliyafanya wimbo mfupi ambao watoto waliuimba wakiingia: livue nguo, linuse, lioshe.

Kulivua nguo kopo ni kubandua karatasi yake ya nje ili bati ling'ae na gundi ishike. Kulinusa ilikuwa kazi ya Shangazi mwenyewe. Alisimama mlangoni kila mtoto alipofika, akapeleka kitu puani, akafumba macho kidogo, kisha akatoa hukumu: "Kimepita!" Kisipopita kilirudi nje ya geti bila mjadala. Mafuta ya taa hayakupita. Rangi ya mlango haikupita. Samaki aliyeoza alipita siku moja kwa bahati mbaya, na hiyo ni hadithi ambayo mpaka leo inawavunja mbavu watoto.

Kilichopita kiliingia kwenye beseni la maji ya sabuni. Utaratibu mzuri, ungesema. Wazazi waliusifu. Shangazi naye alitembea kifua mbele.

Hakuwahi kuona kitu kimoja. Watoto humwiga mtu mzima. Walipomwona ananusa kila asubuhi, na wao wakaanza kunusa. Walinusa njiani, walinusa jalalani, walinusa kila kilichong'aa kabla ya kukiokota, wakaambiana "Kimepita!" kwa sauti yake yeye, hadi kufumba macho wakafumba.

Bingwa wao alikuwa Kipua. Binti huyu mdogo, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kiwiliwili, alikuwa na pua ya ajabu. Alijua nani kala chungwa na nani kajikojolea kabla mwenye makosa hajajua. Jina la Kipua hakupewa kwa kutaniwa. Alijipa mwenyewe na alidai aitwe hivyo.

Wiki ya tukio, mvua zilikuwa zimeanza, na Shangazi alikuwa na mafua mazito. Pua yake ilikuwa imeziba kabisa. Alisimama mlangoni akajaribu kunusa, akaishia kupiga chafya.

"Shangazi, mimi nitakunusia," Kipua alimwambia.

"Utaweza, mwanangu?"

"Mimi naweza kuliko wewe."

Shangazi anasimulia sehemu hii akiwa ameupa mgongo ua, anautazama ukuta. "Nilicheka," anasema. "Watoto wote walicheka. Nikamsimamisha hapa hapa, juu ya stuli hii, nikamwambia haya, bosi, anza kazi. Nilimkabidhi mtoto pua ya kituo kizima kwa sababu ilinichekesha."

Kipua alinusa vitu vya wenzake kwa madaha yote. Mwisho akatoa cha kwake. Kilikuwa chupa ya bati, ndefu, nyembamba, inayong'aa kama kioo, na mfuniko wake bado upo. Alikuwa ameivua nguo tangu nyumbani, akaisugua kwa majivu. Hapakuwa na hata kipande cha karatasi kilichobaki. Watoto waliitamani, kila mmoja akaomba aishike.

Kipua alifungua mfuniko, akanusa, akakunja uso.

"Inanuka kitunguu saumu," alisema.

"Basi ni ya viungo hiyo," Shangazi alimjibu. "Kimepita."

Ndani ya chupa, kwenye kitako chake, kulikuwa na kitu kimegandamana, kijivu, kama chokaa. Shangazi alikiona. Alidhani ni chumvi iliyoshika unyevu. Na kwa kuwa nje mvua ilikuwa inanyesha kwa hasira, beseni ambalo siku zote hukaa uani lilikuwa limeingizwa ndani, karibu na pazia la kona ya mikeka. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Chupa ikatumbukizwa majini.

Maji yakaanza kutoa povu.

"Watoto walipiga makofi," anasema. "Wanasema soda! Soda! Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikasema sabuni ya leo kali kweli."

Kilichokuwa ndani ya ile chupa ni mabaki ya vidonge vya kufukizia nafaka, vile ambavyo wafanyabiashara huweka chini ya turubai ili gesi yake iue wadudu kwenye magunia. Vidonge hivyo huanza kutoa gesi vikikutana na unyevu. Vikitiwa ndani ya beseni la maji, katika chumba kilichofungwa, vinafanya kazi yake palepale, bila kuuliza kama waliomo ni fukusi au ni watoto.

Mambo yalianza taratibu, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi Shangazi mpaka sasa. Hapakuwa na moshi wa kutisha wala mlipuko. Mtoto mmoja alisema kichwa kinamgonga. Mwingine akakohoa, lakini siku ya mvua nani hakohoi? Kipua, aliyekuwa ameinamia beseni muda wote akiangalia "soda" yake, akaja kushika kanga ya Shangazi.

"Tumbo linaniuma."

"Nenda kalale kidogo kwenye mkeka. Litatulia."

Akaenda. Nyuma ya pazia. Hatua chache kutoka kwenye beseni.

Shangazi anasimama hapo katika masimulizi yake. Anachukua ufagio, anafagia mahali pasafi, anauweka. "Nilimtuma mimi," anasema. "Hakwenda mwenyewe. Nilimtuma."

Bibi ya Kipua hakuwa na desturi ya kuja mapema. Siku hiyo mvua ilifukuza wateja, akafunga meza yake, akachukua mwavuli aje kumchukua mjukuu wake. Alisukuma mlango, akaingiza kichwa, akaisikia harufu, na kabla hajapokea hata salamu akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Nani kaingiza dawa ya nafaka humu?"

"Dawa gani, Bibi?"

"Toa watoto! Toa watoto nje! Toa, toa, toa!"

Shangazi hakuuliza swali la pili. Kituo chake kina desturi moja ambayo siku hiyo iliokoa maisha: mtoto hatoki ndani peke yake, anatoka amemshika mwenzake mkono, na kila mmoja ana mwenzake wa kudumu. Alipiga makofi kama afanyavyo siku zote, akaimba wimbo wanaotokea nao kila siku, na watoto wakatoka wawili wawili kwenye mvua, wengine wakicheka kwa sababu walidhani ni mchezo.

Uani, mvua ikiwapiga, aliwapitisha macho. Mkono kwa mkono, mkono kwa mkono. Kisha akamwona mtoto mmoja wa kiume amesimama pembeni, mkono wake mmoja uko wazi, vidole vimenyooka vikisubiri.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Kalala."

Bibi naye alisikia. Wote wawili waliukimbilia mlango, na Shangazi akamsukuma yule mama mtu mzima kando, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu wa rika lile maishani mwake.

Alijifunga kanga mdomoni, ambayo haikumsaidia chochote. Alishika pumzi. Alivuta pazia kwa nguvu mpaka likang'oka na misumari yake. Kipua alikuwa amelala kiubavu, mikono imekumbatia tumbo, matapishi mdomoni, macho nusu wazi.

"Sikumwita," anasema. "Niliogopa nikimwita asiitike nitaanguka palepale. Nikambeba tu. Alikuwa mwepesi, jamani. Sijawahi kubeba kitu chepesi namna ile kikanielemea hivyo."

Seremala wa jirani, aliyesikia kelele, alikuwa ameshawasha pikipiki. Bibi akapanda nyuma yake, mtoto katikati. Shangazi alibaki na watoto waliolowa, hawezi kuwaacha, hawezi kuwarudisha ndani. Akawaingiza wote kwenye karakana ya seremala, wakakaa juu ya maranda, akawa anawagusa vifua kimoja baada ya kingine, anasikiliza pumzi, anarudia tena kuanzia mwanzo. Wazazi walipoanza kufika, aliwaambia kila kitu na kuwataka wawapeleke watoto hospitali hata kama wanacheka. Mmoja alimtukana. Wengine walikuwa na hofu mno hata matusi hawakuyakumbuka.

Hospitali, daktari aliuliza mtoto kavuta nini. Bibi aliijua dawa kwa jina, na hapo muda mwingi uliokolewa. Lakini katika kuitaja ndipo alipogundua. Chupa za bati za dawa ile hazikai jalalani kwa kila mtu. Alizikumbuka zilipo: nyuma ya meza yake sokoni, kwenye debe la takataka, ambako mjukuu wake hucheza siku ambazo kituo hakifunguliwi.

Shangazi alipofika wodini, nguo bado zimelowa, alimkuta bibi amekaa kwenye benchi la kusubiria. Akakaa mwisho wa pili wa benchi hilo. Hakuthubutu kusogea.

"Ni ya kwangu," Bibi alisema bila kumtazama.

"Nini, Bibi?"

"Ile chupa. Nilitupa mimi. Haikuwa imeisha."

Ndani, nyuma ya mlango wa kioo, Kipua alikuwa amevalishwa kifaa cha hewa kilichofunika ile pua yake yote. Kila muuguzi alipotoka, wanawake wote wawili walisimama. Kila muuguzi alipopita bila kusema neno, walikaa tena.

Alipona. Ilichukua muda, na daktari alisema wazi kwamba dawa ile haina kitu cha kuifuta mwilini. Unamsaidia mgonjwa apumue na unaomba moyo wake ukubali. Alisema pia kwamba mabaki yalikuwa kidogo, na kwamba chumba lazima kilikuwa na upenyo mahali fulani. Upenyo ulikuwepo. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika, mvua inaingilia hapo, na Shangazi alikuwa ameahidi mara nyingi kukiziba kwa boksi. Hakuwa amekiziba.

Mpaka leo hakijazibwa. Amekataa.

Watoto wengine hawakudhurika zaidi ya kuumwa vichwa. Baadhi ya wazazi waliwahamisha watoto wao, na baadhi walibaki, wengine kwa kumwamini na wengine kwa kukosa pa kuwapeleka. Hilo la pili halimfichiki Shangazi. Aliyachukua makopo yote, hata yale yaliyokwisha kuwa magari na ngoma, akayakabidhi kwa wazoa taka mbele ya macho ya watoto. Watoto walilia. Chumba kikabaki kitupu, kimya, na watoto wakikaa wamekunja mikono.

Kwa nini basi leo anafungua tena? Mtu aliyeungua hivi angekaa mbali na moto, ndivyo wengi wanavyomwambia.

Jibu lake linatoka mfukoni. Anaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa kikopo cha mafuta ya kupakaa kilichofungwa kwa utepe. Ndani yake mna betri bapa ya saa, ndogo kama kifungo cha shati.

"Hii niliikuta kwenye soksi ya mtoto," anasema. "Soksi! Alikuwa ameificha, na hii mtoto akiimeza inamuunguza koo. Nikaanza kuwapekua. Huyu ana kipande cha wembe, huyu ana mfuniko wa dawa ya mbu. Nilipiga marufuku kuleta, sikuweza kupiga marufuku kuokota. Walikuwa wanaokota kama zamani, ila sasa wananificha."

Anakirudisha kikopo mfukoni. Alipokuwa na gunia, angalau alijua wanachobeba. Alipolifunga, hatari haikuondoka. Ilihamia kwenye soksi.

"Watu wananiambia una moyo, Shangazi. Moyo gani? Nafungua kwa woga. Nikiwa na woga wa aina mbili, nachagua ule ninaouona kwa macho."

Masharti yamebadilika. Hakuna anayenusa, si mtoto, si Shangazi. Kopo, chupa na kila kilichowahi kufungwa kwa mfuniko hakipokelewi kabisa. Kinachopokelewa ni kile kinachotoka kwenye mti, kwenye shamba, kwenye cherehani, kwenye randa, au karatasi. Kiletwe na nguo yake kama kinayo. Na mtoto asikiokote mwenyewe. Akione, akionyeshe kwa kidole, mtu mzima ndiye akiinue. Wimbo wa zamani umekufa. Ule mpya ni neno moja tu: "Onyesha!"

Geti linalia. Shangazi anashtuka.

Ni mtoto wa kiume yule aliyebaki na mkono wazi kwenye mvua. Ameshikwa na baba yake, na baba ndiye aliyebeba bua la mahindi lililokauka. Shangazi analipokea kwa vidole viwili, analigeuza, analiinua kwenye mwanga, analipitisha machoni mpaka baba anaanza kucheka.

"Shangazi, hilo ni bua tu."

"Najua ni bua, baba. Acha nilione."

Anaingia wa pili, wa tatu. Trei ya mayai. Kitambaa chenye maua. Maboga ya nyumbani yametoa mbegu zilizokaushwa juani. Kila kitu kinawekwa kwenye ungo, kinakaguliwa, na neno "Kimepita" linatoka kwa sauti ndogo, kama mtu anayesaini deni lisilo lake. Baadhi ya watoto wanapeleka vitu puani kwa mazoea, wanakumbuka, wanavishusha haraka na kumtazama usoni. Kila mmoja anapofanya hivyo, Shangazi anafumba macho.

Ungo umejaa nusu. Ua umejaa sauti. Kila mtoto ana mwenzake, isipokuwa mmoja ambaye anaendelea kuchungulia njia.

Geti linalia tena, na safari hii halifunguki lote. Bibi amesimama kwenye uwazi, kitambaa cha sokoni kichwani. Yuko peke yake, hakuna wazazi nyuma yake wala kufuli mkononi. Anainama, anamnong'oneza mtu aliye nyuma ya gauni lake, na kumsukuma kidogo mbele.

Kipua amekonda. Anatembea polepole, mikono yote miwili ameinyoosha mbele mbali na mwili, ameshika gunzi. Uso ameugeuzia pembeni. Mashavu yamefura, midomo imebanwa, macho yanamtoka. Mwandishi alidhani mtoto anafanya mzaha. Shangazi alielewa mara moja, na mkono wake ukaenda mdomoni.

Mtoto alikuwa ameshika pumzi.

Analiweka gunzi kwenye ungo, anarudi nyuma mbio mpaka katikati ya ua, na huko ndiko anakoachia hewa.

"Sijakinusa, Shangazi!" anapiga kelele, akihema.

Shangazi anajikaza kisabuni. Anamtazama Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Anaelekeza kidole kwenye gunzi. "Nimelipukuchua mwenyewe asubuhi hii. Kwa mikono yangu."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Bibi kumwambia tangu lile benchi.

"Kimepita," anasema Shangazi.

Watoto wanashangilia. Mwenzake wa kiume anamkimbilia Kipua, anamshika mkono, anamvuta kuelekea mlangoni. Kipua anamfuata mpaka kwenye kizingiti, na hapo anagoma. Anachungulia ndani: mikeka, ukuta wenye alama za viganja, mahali lilipokuwa pazia.

"Na humu, Shangazi?" anauliza. "Humu kumepita?"

Seremala ng'ambo ya uzio anasimamisha randa yake.

Shangazi angeweza kusema ndiyo. Madirisha yamefunguliwa tangu jana, chumba kimedekiwa mara zisizo na idadi, hakuna kitu humo. Anatazama kizingiti, anamtazama mtoto, kisha anaingia peke yake. Anatoka amebeba mikeka yote begani.

"Leo tunakaa nje," anasema.

Anaitandika mikeka uani. Watoto wanaketi, gunzi linapata nywele za maranda, kitambaa chenye maua kinakuwa gauni. Akiwa amepiga magoti kati yao, mikono imejaa gundi ya unga, Shangazi anaeleza anachokitaka. Anataka banda. Seremala ameahidi nguzo na mabati chakavu, na yeye ameanza kuweka kidogo kidogo kwa ajili ya misumari. Banda lenye paa peke yake, lisilo na ukuta hata mmoja, liwahi mvua zijazo.

"Tukichelewa kulimaliza, mvua ikinyesha tutakaa kwenye maranda ya jirani," anasema. "Ndani tutaingia siku mwenyewe atakaposema tuingie." Anamwelekezea Kipua kidevu. "Simlazimishi. Na mimi mwenyewe, nikuambie ukweli, sijui kama niko tayari."

Bibi ameshageuka aende zake sokoni. Geti linalia mkononi mwake.

Kipua anakohoa.

Mikono ya Shangazi inasimama hewani. Kwenye geti, Bibi naye amesimama, hajageuka, mkono bado uko kwenye mabati. Watoto wanaendelea kugombania gundi. Kipua anajipangusa pua kwa mgongo wa kiganja, anapuliza gunzi lake, na vumbi jeupe linaruka.

"Ni vumbi la gunzi tu," anasema, bila kuulizwa na mtu.

Bibi anavuta geti, anaondoka. Shangazi anachovya kidole kwenye gundi, anajisogeza kwenye mkeka mpaka bega lake linagusana na la mtoto, na anabaki hapo, akisikiliza.